Kasri Tuliloliona kwa Chini

Toronto, 9 Mei 2024

Domina mwanangu,

Barua hii nimeituma makusudi ukiwa umeshapita ukaguzi uwanjani, ili usipate nafasi ya kunibishia. Abiria wako wote wapo? Wahesabu. Kisha mtafute Alnasir Bhai peke yake, maana ana tabia ya kuzurura madukani akiamini ndege itamngoja kama meli ya Bukoba ilivyokuwa ikimngoja marehemu baba yake.

Ripoti zako ziwe barua, hata kama zinapita kwenye barua pepe. Ujumbe wa simu ni wa kuniambia mmefika salama, basi. Na hizo sauti za kurekodi sizitaki kabisa. Mtu anakohoa, anamsalimia jirani, halafu ndiyo anaanza kusema alichotaka kusema. Kaa chini uandike kama tulivyofundishwa shule, tarehe juu na jina chini. Mwanangu Shamez ameniomba nikuandikie kwa Kiingereza ili naye awe anasoma. Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili.

Sasa lile lenyewe. Unajua Shamez huyo amenitafutia mnunuzi wa ofisi yetu ya safari, kampuni kubwa ya katikati ya mji, na unajua nilichomjibu mbele yako: asubiri kwanza safari hii ya Ureno iishe. Ni safari yako ya kwanza kuongoza bila mimi. Watu wakirudi wameridhika, ofisi naikabidhi kwako, jina lake na simu yake, nami nitakuwa nakuja Alhamisi kunywa chai tu. Wakirudi wananung'unika, nauza. Nilikuajiri ukiwa mwanafunzi wa mtaa wa Jane na Finch mwenye koti la kuazima, na leo unajua bei za hoteli kuliko mimi. Lakini kujua bei ni kitu kimoja, na kuongoza watu wenye magoti mabovu na maoni mengi ni kitu kingine.

Kwa hiyo Lisbon wapige picha penye Mnara wa Belém. Sintra waingie Kasri la Pena, lile la manjano na nyekundu juu ya mlima, maana Bi Karima amekuja safari hii kwa ajili ya kasri hilo na ameshawatangazia wenzake wote wa Markham. Tiketi zake zina saa, ukichelewa umekosa. Hiyo Mértola yako nimeiacha kwenye ratiba kwa sababu nimechoka kubishana. Sijui ni nani anavuka bahari kwenda kutazama kanisa la mji mdogo.

Usiwaache na njaa, na wasikusikie ukisema hujui.

Mama yako wa kazini,
Shahnaz


Lisbon, 12 Mei 2024

Shikamoo Mama Shahnaz,

Tumefika wote, Mzee Alnasir akiwa wa mwisho na mkoba mpya wa ngozi. Hoteli ni safi. Mji mzima ni vilima na ngazi, kwa hiyo magoti uliyoyasema ndiyo mazungumzo ya kila kifungua kinywa. Dereva wa basi letu dogo anaitwa Amyn, mzaliwa wa hapahapa, ila wazazi wake walitoka Nampula, Msumbiji. Kireno ni chake, na Kikachi, lugha ya mababu zao wa Kihindi, anaongea na Mzee Alnasir kama watu waliokua mtaa mmoja. Mimi nakaa kati yao nikisubiri wamalize ili nijulishwe tunakunja kulia au kushoto.

Mnara tumeuona, na kila mtu ana picha yake mbele ya mnara, na picha nyingine kwa sababu katika ile ya kwanza alifumba macho. Karibu na hapo kuna kanisa kubwa la watawa wa zamani, na humo ndani, mara tu unapoingia, amelazwa Vasco da Gama. Nilikuwa nimejiandaa kutoa maelezo. Sikupata nafasi. Mwalimu Onesphore, yule mstaafu wa Kamachumu ambaye darasa halijamtoka, alisimama mbele ya kaburi akaanza kumsomea marehemu mashtaka. Kilwa alikwenda kudai dhahabu kwa mizinga, na kote alikopita pwani yetu hakuna aliyemwita. Mzee Alnasir akasema kwa upole kwamba angalau sisi tumelipia vyumba. Watalii waliokuwa karibu walimpigia Mwalimu makofi wakidhani ndiye mwongoza watalii rasmi wa kanisa, naye akainamisha kichwa akapokea.

Jioni Waismailia wetu walikwenda kusali jamatkhana, sisi Wakatoliki tukaenda misa, tukakutana sote kwenye supu ya kabichi. Bi Karima analalamika kuwa vikombe vya kahawa hapa ni vya mwanasesere. Lakini vile vikeki vya krimu ya mayai amevinunua kwa boksi, na boksi halikufika hotelini.

Nisikufiche, Mama, kazi hii naiweza. Nikisimama mbele ya watu hawa nikawaambia tugeuke, wanageuka. Sikujua kama nitajisikia hivi. Andaa funguo za ofisi.

Wako,
Domina


Toronto, 13 Mei 2024

Domina,

Funguo hazikimbii. Kaburi limenichekesha mpaka nikamtafsiria Shamez, naye akatabasamu upande mmoja kama alivyokuwa baba yake.

Hapa baridi imeondoka kweli sasa, si kwa kutudanganya. Nilikwenda ofisini peke yangu. Hakuna aliyepiga simu ila jirani wa ghala, akiuliza nani ameegesha gari mlangoni kwake, na bila shaka ni mimi. Nimeanza kutoa vumbi kwenye makabati. Usininunulie vikombe wala kalenda za ofisi, vilivyopo vinatosha.

Kesho kutwa ni Sintra. Waamshe mapema kuliko unavyodhani inatosha. Alnasir Bhai ataomba choo kila mnapoona kijiji, na ukimnyima atanyamaza kwa njia ambayo basi zima litajua amenyimwa. Karima mweke mbele kwenye foleni ya kasri. Akipata picha yake pale juu, mengine yote atakusamehe.

Shahnaz


Lisbon, 15 Mei 2024

Shikamoo Mama,

Sintra tumekwenda, tumerudi salama. Asubuhi tulisimama Cabo da Roca, ardhi ya bara la Ulaya inapokomea upande wa magharibi, upepo ukamvua Bi Karima mtandio na Mwalimu akaudaka kama golikipa. Kasri linapendeza sana. Ukilitazama kutoka mbali, ile manjano yake inawaka juu ya miti, huwezi kuamini kuna mtu aliruhusiwa kupaka rangi hiyo nyumba ya mfalme.

Abiria wamefurahi kupita kiasi. Wamelala mapema, wote wameshiba. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Wako,
Domina


Toronto, 16 Mei 2024

Domina,

Alnasir Bhai amenitumia picha. Ameandika chini yake, "Sintra, siku bora kuliko zote." Katika picha kuna meza ndefu chini ya mzabibu, samaki wa kuchoma, mkate mkubwa, na bibi mmoja wa Kireno ambaye simjui, amemshika Onesphore bega. Karima amevaa aproni. Nimeivuta picha ile kwa vidole pande zote nikitafuta kasri.

Nikampigia Karima. Akaniambia kasri wameliona kwa chini, kwenye kioo cha basi, wakati wa kurudi.

Tiketi si kitu. Kinachonikasirisha ni barua yako. "Ukilitazama kutoka mbali"! Mtu akisoma haraka ataamini mliingia, na wewe ulijua nitasoma haraka. Katika kazi yetu tunakosea. Mimi niliwahi kuipeleka harusi nzima hoteli yenye jina lile lile katika mji mwingine, na bi harusi akanijulia hali kwa simu huku analia. Tunakosea, lakini hatufichani. Mtu akinificha jambo dogo namna hii, nitamwachiaje ofisi?

Sasa niambie kilichotokea, chote.

Shahnaz


Lisbon, 17 Mei 2024

Shikamoo Mama Shahnaz,

Niliandika kwa ujanja, na ulinibaini. Nisamehe. Niliogopa kwamba neno "hatukuingia" peke yake lingetosha kukufanya uuze ofisi kabla sijafika kwenye maelezo. Maelezo ni haya.

Tulitoka Cabo da Roca tukiwa na muda wa kutosha kabisa. Mzee Alnasir akaomba choo. Tukasimama kwenye kijiji kimoja upande wa Colares, mimi nikabaki kando ya basi nikizungumza na hoteli kwa simu, na Mwalimu Onesphore akajitolea kumtafutia Mzee pa kujisitiri. Akapita mbele ya uwanja ambapo familia ilikuwa inakula. Yule bibi, Dona Graça, alipomwona mgeni amesimama akasema neno na kunyoosha mkono kwenye chakula.

Amyn alinieleza baadaye kwamba hapa Ureno ni adabu. Anayekula humkaribisha anayepita, na anayepita hushukuru, humtakia mlo mwema, akaenda zake. Nikacheka kwa uchungu, maana hata Dar ni hivyo hivyo. Karibu, ahsante, endelea tu, kila mtu na safari yake. Lakini Mwalimu ni wa Kamachumu, Mama. Wewe umezaliwa Bukoba, unakujua kwetu. Ukikaribishwa chakula unanawa. Kupita na kusema umeshiba ni kumwambia mwenye nyumba kwamba chakula chake hukiamini. Mwalimu aliona bomba uani, akanawa, akakaa. Kisha akatoka barabarani akawaita wenzake, kwa sababu kula peke yake wakati wenzake wapo ingekuwa aibu ya pili.

Nilipomaliza simu basi lilikuwa tupu.

Nilipofika pale Dona Graça alikuwa ameshika kiuno, macho yamemtoka, akitazama wageni wakisogeza viti. Mkwe wake alikuwa mwekundu. Nikamwambia Amyn awaombe radhi, nami nikaanza kuwainua watu. Dona Graça akauliza hawa wanatoka wapi. Amyn akamwambia. Akauliza kwa nini wamekaa. Amyn akamweleza kwamba kwa Mwalimu, aliyekaribishwa hula. Yule bibi alifikiri kidogo, kisha akacheka mpaka akakaa, na alipokaa akasema maneno ambayo Amyn alinitafsiria: "Maisha yangu yote nawakaribisha watu, leo ndiyo mara ya kwanza wamenisikia."

Baada ya hapo, Mama, ungefanya nini? Mwanawe akawasha tena moto. Mzee Alnasir alimnong'oneza Amyn kuhusu soseji ya nguruwe iliyokuwa mezani, na kabla hajamaliza Dona Graça alishaiondoa akaleta samaki, mayai na maharage mabichi makubwa. Hakuuliza swali. Tulikuwa na kasri la saa nane na nusu, nami nililijua, nikasimama mara mbili kuwaambia twendeni. Mara ya pili Bi Karima ndiye aliyenijibu. Alikuwa amekunja mikono ya blauzi anaosha vyombo na yule mkwe, wanaelekezana kwa vidole. Akaniambia kuondoka sasa tumeshakula ni kama tulikuja hotelini, na nisimwaibishe. Alimwachia Dona Graça bati lake la chevdo, vile vitafunio vya Kihindi, alilolitoa Markham, lile ambalo hakuna mtu ndani ya basi aliyewahi kuonjeshwa.

Kwa hiyo kasri tuliliona kwa chini. Nilikosea kukuficha, na hilo silitetei. Uamuzi wa kukaa pale mezani nautetea. Ningeweza kuwatoa, maana nikisema tugeuke wanageuka, nilikwambia. Niliamua wabaki. Kiongozi ni mimi na uamuzi ni wangu, na kama ofisi itanipita kwa sababu hiyo, basi inipite kwa jambo nililolifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Wako,
Domina


Toronto, 18 Mei 2024

Domina mwanangu,

Nimeisoma jikoni nimesimama, chai ikapoa. Nimecheka, kisha nikakaa na kuisoma tena bila kucheka.

Ningefanya ulivyofanya. Nakwambia bila kuzunguka.

Mambo ya ofisi tutayaongea ukirudi, si ya kuandikiana. Endesha safari yako. Huko kusini jua ni kali, wavae kofia.

Shahnaz


Mértola, 20 Mei 2024

Mama Shahnaz,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nimelelewa hivyo.

Leo asubuhi tukiwa njiani kuja huku kusini, Mzee Alnasir alivaa miwani akasoma kwa sauti barua pepe iliyomfikia kutoka kwa Shamez. Imewafikia wateja wote. Inasema kuanzia mwezi ujao huduma zetu zitatolewa na kampuni mpya, ofisi ya Downsview itafungwa, na makubaliano yalitiwa saini tarehe kumi Mei. Mzee alidhani najua. Akanipongeza kwa kupata mabosi wakubwa. Basi zima likapiga makofi, nami nikashukuru, maana ningefanya nini?

Tarehe kumi, Mama. Barua yako ya kunitaka niwaridhishe watu ni ya tarehe tisa. Nilipokuwa nakuandikia uandae funguo, ulikuwa umeshazitoa. Vumbi ulilokuwa unalitoa kwenye makabati sasa nimelielewa. Na tarehe kumi na sita ukaniandikia kwamba katika kazi yetu hatufichani. Nimeirudia barua ile leo chooni kwenye kituo cha mafuta, na nakuambia wazi, imeniumiza. Sikulia. Nilinawa uso nikarudi kwenye kiti changu, nikawaambia upande wa kulia mtaona miti inayotoa vizibo vya chupa.

Sasa nikuripotie safari, maana bado ni kazi yangu.

Mértola ni mji mdogo mweupe juu ya mto, na kile ulichokiita kanisa la mji mdogo kilijengwa kuwa msikiti. Baadaye wakaja Wakristo wakakifanya kanisa, na hawakuuvunja mihrabu. Uko mpaka leo, nyuma ya altare, umechongwa ukutani. Sikuwaambia mapema, niliwaacha waingie. Mwalimu Onesphore alipiga ishara ya msalaba na kupiga goti. Mzee Alnasir alizunguka taratibu kutazama nguzo, akafika nyuma, akasimama. Akaweka mkono kifuani akasoma salawat kwa sauti ndogo. Mwalimu alimsikia akaenda kusimama karibu naye, na wazee hawa wawili, ambao tangu Toronto wanabishana dirisha la basi lifunguliwe au lifungwe, wakakaa pale muda mrefu hawaulizani kitu. Bi Karima alikuwa ameinua simu. Akaishusha bila kupiga.

Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Nilikuwa na hasira na wewe, na wakati huo huo nilikuwa nimejaa furaha, vyote viwili kifuani, na sikujua kipi kimpishe mwenzake.

Tulipotoka nje nikawaambia ukweli, kwamba mimi sikuuzwa pamoja na ofisi, na kwamba hii huenda ni safari yetu ya mwisho pamoja. Kisha Mzee Alnasir akaniuliza:

"Domina, mwakani tunakwenda wapi?"

Nikamwambia sina ofisi. Akaniambia hakuniuliza habari za ofisi.

Kwa hiyo nakuarifu, Mama Shahnaz, kwamba mtihani wa mawakala wa safari nilishaufaulu, unajua, na nikirudi naomba leseni kwa jina langu. Ukumbi wangu wa mikutano utakuwa sebuleni kwangu, ghorofa ya tisa, na lifti ikiharibika watanisubiri chini. Jina lako silihitaji. Ningelipenda, lakini silihitaji.

Domina


Toronto, 21 Mei 2024

Domina,

Una haki ya kila neno, hata lile la choo cha kituo cha mafuta.

Tarehe kumi asubuhi Shamez alikuja na karatasi na kalamu. Wanunuzi walisema ni siku hiyo au basi. Ningeweza kumwambia basi. Nilikuwa nimekuahidi mbele yake, na nyumba ni yangu, na mtoto ni wangu. Nikatia saini. Kisha kila ulipoandika kwamba unaiweza kazi, mimi nilikwenda ofisini nikapanga vitu kwenye maboksi, nikajiambia nitakwambia ukirudi, uso kwa uso, kwa heshima. Hiyo si heshima. Ulipoficha kasri nikakupigia kelele kwa sababu ilikuwa rahisi kukupigia kelele wewe.

Unajua nilichoogopa? Shamez anadhani niliogopa utashindwa. Kwa jambo hilo hata sikupoteza usingizi. Niliogopa utaweza. Niliogopa kuja Alhamisi kunywa chai nikakuta simu zinapokelewa bila mimi, watu wanacheka na wewe, na mimi nimekaa kwenye kiti cha wageni nauliza sukari iko wapi. Kampuni kubwa ikiichukua ofisi, ofisi imekufa, na mtu haionei wivu ofisi iliyokufa. Nimezeeka vibaya hapo, Domina. Naomba unisamehe.

Kurudisha siwezi. Nimemuuliza mwanasheria jana, sikukuu, nikamtoa kwenye bustani yake akichoma mahindi. Jina limekwenda, simu imekwenda. Mkataba unanikataza kuuza safari kwa miaka mitano, na ikiisha nitakuwa na umri wa kutouza hata kofia. Haukutaji wewe popote. Hawakujua wewe ni nani, na hilo ni kosa lao.

Shamez ameona uso wangu akauliza kuna nini. Nikamsomea barua yako ya Mértola, nikitafsiri. Nilipofika kwa Alnasir Bhai na Onesphore nyuma ya altare nilivua miwani kuifuta, akaichukua simu mkononi mwangu akajaribu kumalizia mwenyewe, Kiswahili chake kinajikwaa kila mstari, lakini alifika mwisho. Akasema, "Mum, kwa nini hukuniambia yuko hivi?"

Mkataba huo nimeusoma wote tena kwa miwani miwili. Haukunikataza kupanda basi. Nina hamu ya kwenda safari ambayo sijaipanga mimi, ambayo sijui tunalala wapi kesho, na mtu mwingine ndiye anayehesabu watu. Popote utakapokwenda mwakani niandikie nafasi. Nitalipa kama wengine wote na sitatoa ushauri. Ila magoti yangu ndiyo hayo unayoyajua, kwa hiyo naomba kiti cha mbele, karibu na dereva.

Shahnaz


Lisbon, uwanja wa ndege, 23 Mei 2024

Shikamoo Mama Shahnaz,

Wote wapo. Nimewahesabu, na Mzee Alnasir amekaa hapa kulia kwangu, nimemfungia mkoba wake kwenye mkono wa kiti changu.

Bado nina hasira. Najijua, itachukua muda, na ukinipigia simu wiki hii nitakujibu kwa mkato. Usikate tamaa, endelea kupiga. Barua yako niliisoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya watu. Lile la kuniogopa kwa sababu naweza, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu kikubwa kama hicho, na ni wewe uliyeniambia, kwa hiyo nimelichukua.

Mwakani tunakwenda Uhispania, kusini. Wameshapiga kura hapa kwenye viti vya kusubiria, Mwalimu akihesabu mikono. Masharti ni yale yale kwa kila abiria. Pasi iwe na miezi ya kutosha. Sanduku liwe moja, ambalo unaweza kulibeba mwenyewe. Ukiwa na ushauri, na najua utakuwa nao ukiahidi au usipoahidi, utanipa jioni baada ya chakula, tukiwa wawili.

Nafasi yako nimeiandika, ni ya kwanza kwenye orodha. Kuhusu kiti, samahani Mama. Kiti cha mbele ni cha kiongozi. Wewe utakaa nyuma yangu, dirishani.

Wako,
Domina